Kufuli la Chumba cha Sita

Jana asubuhi niliota nimesimama mbele ya kufuli lisilojua kama limefungwa.

Niseme kwanza ilikuwaje nikalala, maana mimi si mtu wa kulala asubuhi. Ilikuwa Jumamosi. Mvua ya Songea ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa na siku ya nne napambana na programu iliyogoma. Ni programu ya bango la stendi. Makarani wengi wanasoma saa za mabasi kwa wakati mmoja, na mara mojamoja karani mkuu anazibadilisha. Akizibadilisha huku wenzake wanasoma, msomaji hupata nusu ya zamani na nusu ya mpya, akawatangazia abiria kwamba basi la Njombe linaondoka saa Mbinga na nusu. Ndiyo maana tunaweka kufuli la kusoma na kuandika. Wasomaji, ambao ndani ya programu tunawaita nyuzi, hata wawe mia, huingia pamoja. Mwandishi huingia peke yake, na wengine wote husubiri nje.

Dada Shamsa, kiongozi wetu wa kazi aliyeko Tanga, alinipigia simu saa tatu.

"Deus, kufuli umelianzisha?"

"Nimeliweka, dada."

"Sijauliza kuliweka. Nauliza kulianzisha. Kufuli ambalo halijaanzishwa halijui lolote. Lazima uliambie kwamba wewe ni kufuli, uko wazi, na wewe ni wa nani."

Nikamwambia nitaangalia. Nikalaza shavu mezani ili niangalie vizuri.

Nyumba ninayopanga ina vyumba vitano na korido moja. Mimi nakaa cha tano, huu ni mwezi wangu wa saba. Cha kwanza anakaa Mama Komba, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba. Cha tatu ni cha Fundi Haule, mshonaji. Jioni wapangaji huketi koridoni wakipukuchua mahindi, wakisomeana gazeti la juzi na kucheka. Mimi huwasikia kupitia mlango. Nikikutana na Mama Komba nasema, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba, baba," na mazungumzo yetu yanakuwa yamekwisha mpaka kesho yake. Wakinizungumzia, mimi ni yule wa kompyuta.

Basi katika ndoto natoka chumbani, nakuta korido imeongezeka mlango. Chumba cha sita. Kwenye komeo limening'inia kufuli la shaba, kubwa kama kichwa cha mbuzi.

"Hodi," nikasema.

"Hodi ya nini?" kufuli likauliza. Sauti yake ilikuwa ya karani anayekaribia kwenda kula.

"Nataka kujua kama umefungwa."

"Hata mimi nataka kujua. Wewe unaonaje?"

Nikalitazama. Ukilitazama kwa kushoto lilikuwa limefungwa. Kwa kulia lilikuwa wazi. Nikaliambia hivyo.

"Ndivyo wote wanavyoniambia," likasema. "Nilitundikwa hapa, aliyenitundika akaenda zake. Hakuniambia kitu."

"Alikuwa nani?"

"Sura sikuiona. Alivaa soksi kama hizo zako."

Kabla sijajibu, mlango wa Fundi Haule ukafunguka na nyuzi zikatoka. Zilikuwa zimesimama wima, ndefu kuliko mimi, zimefuatana kwa mstari: nyekundu, nyeusi, na ile ya kaki ya kaptula za shule. Uzi mweupe ulikuwa mbele, ndio uliokuwa ukizisemea nyingine.

"Tumekuja kusoma," ukasema.

"Kusoma nini?"

"Daftari la nyumba. Limo humo ndani. Limeandikwa watu wote waliopo."

"Mna ruhusa?"

Uzi mweupe ukalitazama kufuli. Kufuli likanitazama mimi. "Sina la kusema," likasema. "Sijaanzishwa." Nyuzi zikapita, moja moja, kama zinavyopita kwenye tundu la sindano.

Nilichungulia. Humo ndani mlikuwa na daftari pana kama kitanda cha watu wawili, nazo nyuzi zilikuwa zimeliinamia pande zote zikisoma kwa sauti. Ila uzi mweusi ulikuwa umeshika kalamu. Ulikuwa unarekebisha mistari huku wenzake wakiendelea kusoma, na hakuna aliyeuzuia.

"Mama Komba," ukasoma uzi mwekundu, "mshonaji, umri wake chumba cha tatu."

"Haule," ukasoma ule wa kaki, "muuguzi, mstaafu, ana mjukuu wa kike na pindo la inchi mbili."

Nyuma yangu nasikia mlango wa chumba cha kwanza unafunguka. Mama Komba anatoka. Shingoni ana futi ya kupimia nguo, mdomoni ana pini tatu, na mguu wake wa kushoto unakanyaga hewani kama mtu anayeendesha cherehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kuna mtu amenisoma wakati bado naandikwa."

"Pole, mama."

"Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, na sasa hivi najisikia kupunguza suruali. Haule yuko chumbani kwake anajipima homa, anasema hajui kazi yake ilikokwenda." Akazitoa pini mdomoni, akanitazama. "Hili kufuli ni la nani?"

Nikazitazama soksi zangu.

"Lianzishe basi," akasema, bila ukali. "Mguu unaniuma."

Nikalisogelea kufuli. Nikakohoa kidogo, maana katika maisha ya kawaida jambo hili huwa nalifanya kwa vidole.

"Wewe ni kufuli," nikaliambia.

"Nashukuru," likasema, na likatulia kwenye komeo kama mtu aliyepata kiti.

"Uko wazi."

"Vizuri. Sasa kuna swali moja. Mimi ni wa kwako tu, au wa wote?"

Kazini swali hilo huwa naliacha tupu. Ukiliacha tupu, linahesabika kwamba umejibu "wa kwangu tu." Herufi zinapungua. Nimefanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Kwa hiyo nikajibu kwa mazoea.

"Wa kwangu tu."

"Sawa," kufuli likasema, likalia *tak*.

Vyumba vinne vikaondolewa, kama sahani zinavyoondolewa mezani watu wakishiba. Mama Komba akaondoka na chumba chake, mguu ukiwa bado unakanyaga. Korido ikabaki ya hatua tatu. Mvua ikakatika, lakini jua halikutoka.

"Karibu," kufuli likaniambia. "Unaingia kama nani?"

"Kama mwandishi."

"Ingia. Hakuna wa kumsubiri."

Nikaingia. Daftari lilikuwa jeupe ukurasa mzima. Nikashika kalamu nikaandika: Deusdedit Masatu, chumba cha tano.

"Cha tano kati ya vingapi?" daftari likauliza.

Nikafuta. Nikaandika: chumba.

Kisha nikasoma kwa sauti nilichokiandika. Sauti yangu ikaenda mpaka ukutani, ikakaa huko. Nikasoma tena, sasa kwa kuchekesha, kama wanavyosoma wale wa koridoni. Nikasubiri. Nikacheka mwenyewe ili kicheko kianze, lakini hakikuanza.

Nilikaa humo miaka saba. Najua ni saba kwa sababu kufuli lilikuwa linanitajia kila mwaka ulipopita, kwa sauti ileile ya ofisini. Sikuumwa wala sikukosa kitu. Kulikuwa na mahindi, nikawa nayapukuchua peke yangu jioni. Kulikuwa na gazeti, lenye habari moja tu, kwamba mimi nipo. Kulikuwa na ndoo ya bluu. Asubuhi nilikuwa naiamkia, "Shikamoo," nayo ilikuwa inanijibu, "Marahaba, baba," na mazungumzo yetu yalikuwa yamekwisha mpaka kesho yake.

Mwaka wa saba, siku moja, ndoo haikujibu. Nikaisogelea nikaona ina ufa. Nikakaa chini kando yake muda mrefu. Halafu nikaenda mlangoni.

"Nataka uwe wa wote," nikaliambia kufuli.

"Nimeshaanzishwa."

"Nakuanzisha tena."

"Kufuli huanzishwa mara moja," likasema. "Ukiniwekea mwanzo juu ya mwanzo, kitakachofuata hakijaandikwa popote. Sikutishi. Nakwambia tu kwamba hata mimi sitakuwepo kukujibu."

"Wewe ni kufuli," nikasema kwa haraka, "uko wazi, wewe ni wa wote."

Sakafu ikageuka ubao wa kuandikia. Niko kidato cha pili, nimevaa sare, na mwalimu wa jiografia ni lundo la mvua lililoshika chaki. "Masatu," linasema, "mji mkuu wa wewe ni upi?" Sijui. Wanafunzi wote wameinua mikono, lakini wanafunzi wote ni viti.

Mara niko stendi. Kipaza sauti kinatangaza basi la Keshokutwa, limebakiza nafasi moja, na nafasi yenyewe ni mimi. Abiria wananikalia. Ni watu wa kawaida, wanazungumza habari za mbolea. Nikisema samahani, wanajirekebisha kidogo, kama mtu aliyekalia kiti kibovu.

Mara niko nyumbani kwetu Ukerewe, jikoni. Mama anapakua chakula. Anapanga sahani mkekani, ya baba, ya kaka, ya mashangazi wawili, ya mgeni ambaye hajaja. Kwangu anaparuka. Si kwa makusudi. Mkono wake unapita hapo nilipo kama mahali ambapo hapajawahi kuwa na sahani.

"Mama," nikasema.

Akageukia mlangoni. Akasikiliza.

"Ni upepo," akawaambia wengine.

Hapo nikataka kuamka, nikashindwa. Nikanyoosha mkono nishike kitu chochote cha jikoni, nikashika shaba. Nilikuwa mbele ya kufuli tena, korido ileile ya hatua tatu, na kufuli lilikuwa linahema.

"Nimefika mahali pabaya," likasema.

"Na mimi."

"Nisikilize sasa, maana hukunisikiliza. Kuna utaratibu. Kwanza uniachie. Pili univunje. Tatu ndipo unianzishe upya."

"Sijakushika."

"Uliingia kuandika mwaka wa kwanza. Umetoka lini?"

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Kalamu ilikuwa humo. Ilikuwa humo wakati napukuchua mahindi, na wakati namuita mama. Vidole vilikuwa vimeizoea mpaka vimefanya mfereji.

"Nikiiachia, jina langu nani atalilinda?"

"Hakuna," kufuli likasema.

"Litafutika?"

"Ukinivunja, kila kitu ninachokilinda kinabaki bila mlango. Huo ndio ukweli. Siwezi kukupa mwingine."

Nilisimama pale kwa muda ambao hata kufuli halikuutaja. Jina langu lilikuwa ndicho kitu pekee kilichoandikwa katika nyumba nzima. Baya au zuri, lilikuwepo. Mwishoni nikainama, nikaiweka kalamu sakafuni, nikaondoka mlangoni kinyumenyume.

"Nakuvunja," nikasema.

"Asante kwa kunijulisha," kufuli likasema, likafunguka pande mbili kama chungwa. Ndani hamkuwa na kitu. Daftari likajifunga lenyewe. Kwa kitambo sikuwa na chumba, wala korido, wala soksi.

Kisha nikasema, "Wewe ni kufuli. Uko wazi. Wewe ni wa wote."

*Tak*.

Vyumba vinarudi kwa mkupuo, cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Mvua inarudi juu ya bati. Mama Komba anatoka kwake akiwa mzima, miguu yote miwili imetulia, saa ya uuguzi imebanwa kifuani. Fundi Haule anatoka akiwa ameshika mkasi wake kwa furaha. Nyuzi zinajipanga. Safari hii uzi mweupe unasimama mbele ya kufuli na kuuliza kwa adabu.

"Tunasoma. Tunaweza?"

"Nyote pamoja," kufuli linajibu. "Hakuna anayeandika."

Nikanyoosha mkono. "Mimi ni mwandishi. Nataka kuandika mstari mmoja tu."

"Subiri wasomaji watoke," kufuli likasema.

Nikasubiri. Ila kabla ya uzi mwekundu kutoka, ule wa kaki ulikuwa umeingia. Kabla ya ule wa kaki kutoka, ukaingia wa kijani. Kila mmoja ulikuwa unapita karibu yangu ukisema, "Samahani, nasoma tu." Ndani hamkuwahi kubaki tupu hata kwa sekunde. Nilisikia wakisoma, Mama Komba, muuguzi. Haule, mshonaji. Nilisikia vicheko. Mkono wangu ulikuwa bado juu. Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyekuwa na ubaya wowote na mimi, na ningeweza kusimama pale mpaka nyumba ianguke.

Mama Komba alikuwa anapita na beseni la maharage. Akasimama.

"Mkono huo umeinuliwa tangu lini, baba?"

"Tangu asubuhi, mama."

"Asubuhi ya leo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Tangu mwezi wa tano, nilipohamia."

Akaliweka beseni chini. Akageukia mlango, akapiga makofi mara mbili kama wanavyofanya wodini saa ya kuwatoa wageni. "Jamani! Mlio ndani malizieni mtoke. Mlio nje msiingie. Kuna mtu amesimama hapa na hakuna aliyemwona, hata mimi."

Nyuzi zikatoka kwa mstari, zikiwa zimeinamisha ncha zake. Chumba kikawa tupu. Nikapiga hatua, lakini Mama Komba akanizuia kwa kiganja.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kujiandika."

"Hakuna aliyejiandika humo," akasema. "Mimi niliandikwa na marehemu mwenye nyumba. Haule nimemwandika mimi. Kaa hapo."

Akaiokota kalamu sakafuni, akaingia, akafunga mlango. Kufuli likasema, "Mwandishi yuko ndani. Wote subirini." Na sote tukasubiri. Fundi Haule akanisogezea nusu ya benchi lake. Uzi mwekundu ulisimama kushoto kwangu, ule wa kaki kulia, na hakuna aliyekuwa na haraka. Haule akanishika mkono wa shati, akaukagua. "Hiki kifungo kimekaa vibaya," akasema. "Kitakuja kukuaibisha mbele za watu."

Sauti ya Mama Komba ikatoka ndani ya chumba.

"Baba, unaitwa nani?"

Miezi saba. Sikuwa nimejiandaa.

"Deusdedit Masatu, mama."

"Hilo limekataa," akasema. "Daftari linasema hilo ni la kadi. Linataka ulilokuwa unaitiwa chakula."

Haule alikuwa ananitazama. Nyuzi zilikuwa zinanitazama. Bibi yangu, aliyenipa jina hilo, alizikwa Ukerewe nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo halikuwa limetamkwa.

"Mkama," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mvua inapiga."

"Mkama!"

Nikasikia kalamu ikikwaruza. Nikasikia hatua zake zikija. Mlango ukafunguka, kufuli likasema, "Wasomaji, karibuni," na nyuzi zote zikaingia kwa pamoja, na Haule naye, na mimi nikiwa katikati yao, nikisukumwa mgongoni. Uzi mweupe ukainama juu ya daftari. Ukavuta pumzi ili usome.

Nikaamka.

Shavu lilikuwa limechorwa alama za vitufe. Ilikuwa saa tano kasoro. Mvua ilikuwa inaendelea, na kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa umejaa herufi moja niliyoilalia. Nikaufuta. Nikaenda pale juu palipokuwa pamekosa kitu, nikaandika neno la kulianzisha kufuli, mara moja, na kwenye lile swali sikuacha tupu. Programu ikafanya kazi. Nikamwandikia Dada Shamsa kwamba imekubali. Akajibu, "Nilijua tu."

Nikachukua beseni nikakinge maji ya mvua. Koridoni palikuwa kimya. Cherehani ya Haule ilikuwa inasikika kwa mbali. Mama Komba alikuwa amesimama juu ya kigoda, akibandika karatasi ya zamu za usafi karibu na swichi ya taa. Ile ya zamani ilikuwa na majina manne, na mimi siku zote nilikuwa nafagia mbele ya mlango wangu tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa anabonyeza pini kwa dole gumba. "Kesho ni zamu yako. Ufagio uko nyuma ya mlango wa uani. Usianze kabla ya saa moja, Haule akiamshwa hasemezeki."

"Sawa, mama."

Akashuka kwenye kigoda taratibu, mkono mmoja ukutani, akaingia chumbani kwake. Nikasogea karibu na karatasi. Wino wa mstari wa mwisho ulikuwa haujakauka.

Jumapili: Mkama.